Jinsi tulivyojenga dunia ya majini kwa maandishi matupu

 

Leo najibu swali ambalo nimeulizwa sana pale kafe. Watu wananiona nimekaa mashine ya pembeni, kioo cheusi, maandishi meupe yanashuka, mi nachapa tu. Kuna dada aliniuliza kama nawaibia watu benki. Kwi kwi kwi! Hapana dada yangu, nilikuwa nakimbizwa na nunda.

Lile ni gemu. Halina picha hata moja wala sauti, ni maneno tu. Mnaweza kuingia watu wengi kwa wakati mmoja, kila mtu na mhusika wake, mkaongea, mkapigana, mkasaidiana. Inakuwa hivi:

> tazama
Uko mlangoni mwa pango. Harufu ya mavi ya popo inakupiga usoni. Juu ya jiwe kuna kibuyu na kitambaa chekundu. Njia: ndani, mtoni.
> chukua kibuyu
Unanyoosha mkono. Mtu anakohoa nyuma yako, lakini hukuja na mtu.

Umeona? Hakuna picha, lakini umeshageuka kuangalia nyuma. Mambo haya wazungu wanayaita MUD, na mimi na washkaji zangu wawili tumetengeneza ya kwetu ya Kiswahili. Leo naeleza inavyotengenezwa, na pia tulivyokosea, maana kosa letu halikuwa dogo.

ILIKOTOKEA

Kwa kifupi. Mwaka 1974 huko Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons, mchezo wa kukaa mezani na kete, mmoja anasimulia, wengine wanasema wahusika wao wanafanya nini. Katikati ya miaka ya 1970 mtaalamu wa kompyuta aitwaye Will Crowther akaandika gemu ya maneno inaitwa Adventure. Huyu bwana alikuwa anapenda kuingia mapangoni, aliwahi kusaidia kuchora ramani za Mammoth Cave kule Kentucky, kwa hiyo gemu lake likafuata pango analolijua. Mwaka 1977 Don Woods akaongeza mengine. Lakini hilo lilikuwa la mtu mmoja mmoja.

Mwaka 1978 pale Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, mwanafunzi Roy Trubshaw akaanza kuandika gemu ambalo watu wengi wangeingia pamoja. Mwenzake Richard Bartle akalipokea mwaka 1980 na kulimalizia. Ndiyo MUD ya kwanza. Watu wa nje ya chuo waliruhusiwa kuingia usiku wa manane, kompyuta ya chuo ikiwa haina kazi. Yaani vijana wa kukesha hatukuanza sisi.

Baadaye zikazaliana. TinyMUD ilitoka Marekani mwaka 1989, hiyo ilikuwa zaidi ya kupiga soga na kujenga kuliko kupigana. Mwaka 1990 Pavel Curtis akafungua LambdaMOO, na nyumba kubwa ya mle ndani aliichora kwa kufuata nyumba yake mwenyewe. Wanafunzi wa Copenhagen, Denmark, wakatengeneza DikuMUD, ambayo ni ya kuua viumbe, kupata alama, kupanda daraja. Magemu makubwa ya picha yaliyokuja baadaye, kama EverQuest ya mwaka 1999, yamefuata njia hiyohiyo.

Somo nililolipata hapo ni moja. Crowther alianza na pango lake, Curtis akaanza na nyumba yake. Kwa hiyo usianze na ngome ya theluji ambayo hujawahi kuiona. Anza na mahali unapopajua hata umeme ukikatika.

SISI TULIANZA NA AMBONI

Mi ni mtu wa Tanga. Mapango ya Amboni yako kilomita kama 8 kutoka mjini, barabara ya kwenda Horohoro. Ni mawe ya chokaa yaliyoliwa na maji kwa miaka mingi sana, ndani giza, popo kibao, na kuna sehemu watu wamekuwa wakienda kutambika tangu enzi za mababu. Nilipelekwa nikiwa darasa la tano. Mwongozaji alizima tochi kwa sekunde chache tu, darasa zima likapiga kelele. Ile giza ndiyo chumba cha kwanza cha gemu letu.

Dunia ya maandishi ina vitu vinne tu. Kwanza vyumba, hata kama ni ufukwe au njia panda, kwenye programu vyote ni vyumba. Pili njia za kutoka chumba hiki kwenda kile. Tatu vitu na viumbe vilivyomo. Nne amri: tazama, chukua, sema, uliza, piga, kimbia. Basi. Ukichapa amri, seva inaangalia uko chumba gani, kuna nini, halafu inakurudishia maneno, na wenzako walioko chumba hicho wanaona ulichofanya.

Sisi tulitumia programu ya bure inaitwa Evennia, imeanza mwaka 2006, inatumia lugha ya Python. Ukishaiweka, unajenga ukiwa ndani ya gemu lenyewe. Ukiandika dig Mbuyuni = kaskazini, kusini, basi umepata chumba kipya kinaitwa Mbuyuni, na njia ya kwenda na ya kurudi. Mi niliishia form four na hesabu nilipata D, kwa hiyo usiniambie huwezi.

Uzuri mwingine ni wepesi wake. Maelezo ya chumba yana kama herufi 500. Ukipita vyumba 100 umesoma herufi 50,000, ambazo ni kama kilobaiti 50. Picha moja ya simu inakula zaidi ya hapo mara nyingi. Na kama mashine zimeunganishwa pamoja pale kafe, hamuhitaji intaneti kabisa. Tunaweka seva kwenye laptop yangu ya mtumba, wengine wanafungua kivinjari, wanaandika anwani ya laptop halafu 4001, wameingia. Hakuna bando linaloliwa.

TABU YA NGELI

Hapa Wazungu hawawezi kutusaidia. Kwa Kiingereza, programu ikitaka kusema kitu kimeanguka, inachukua jina la kitu na kubandika sentensi ileile. Panga, kisu, taa, vyote sawa. Kwetu ni panga limeanguka, kisu kimeanguka, taa imeanguka, mkuki umeanguka. Siku ya kwanza gemu letu lilikuwa linasema "kisu ameanguka", tukacheka mpaka mwenye kafe akatufokea.

Tulichofanya ni kukipa kila kitu ngeli yake kwenye faili, kama ulivyofundishwa shule na ukaona haina maana. Sasa programu inasoma ngeli kwanza, ndiyo inachagua li, ki, i au u.

Halafu tukabishana kuhusu viumbe. Zimwi amesimama au zimwi limesimama? Majini wamekuja au yamekuja? Mshikaji mmoja akasema vyote vyenye uhai viwe a na wa, mwingine akasema zimwi ukiliita "li" linatisha zaidi. Tukamuunga mkono huyo wa pili. Sikujua kwamba lile swali, nani ni "a" na nani ni "li", litarudi kutukaba.

VIUMBE VYETU

Kosa la wengi ni kuweka jini, kulipa nguvu 200 na kucha, kwisha. Hilo ni simba tu lenye jina jipya. Kiumbe cha hadithi kina tabia yake, na tabia ndiyo iwe kanuni ya gemu. Nawapa mifano miwili.

Nunda. Hadithi ya nunda mla watu ni ya zamani, Edward Steere aliichapa kwenye kitabu chake cha ngano za Waswahili mwaka 1870. Anaanza kama paka wa sultani. Anakula mfugo, sultani anapuuza. Anakula mbuzi, anapuuza. Mwisho anakula watu. Kwa hiyo nunda wetu anaanza paka kweli, yuko sokoni, ana nguvu 3. Kila siku ambayo hakuna mchezaji anayeshughulika naye, anaongezeka. Wiki ya kwanza watu walimpita wanacheka. Wiki ya tatu alikuwa analala katikati ya barabara na hakuna anayepita.

Popobawa. Wengi mnamjua, jina linatokana na popo na bawa. Mwaka 1995 hofu yake ilianzia Pemba ikaenda Unguja mpaka Dar, watu wakawa wanalala nje kwa makundi wamewasha moto. Mojawapo ya mambo yaliyosemwa juu yake ni kwamba aliyeshambuliwa asipowaambia wenzake, anarudiwa. Hiyo ni kanuni tamu sana ya gemu! Kwetu akikuvamia unapoteza nguvu, na atakurudia kila usiku mpaka utafute mchezaji mwingine umwambie. Watu wasiojuana walianza kuongea kwa sababu yake.

Majini hatukuyafanya mabaya yote. Mzee mmoja wa mtaani alitukumbusha kwamba kwenye dini majini wameumbwa kwa moto, na wapo wema na wabaya kama watu. Tukamsikiliza.

Na Bartle, yule wa Essex, aliandika mwaka 1996 kwamba wachezaji wako aina nne: wanaotafuta alama, wanaotaka kugundua, waliofuata soga, na wanaopenda kuwaumiza wenzao. Ukijenga, jiulize kila mmoja atafanya nini kwako. Sisi tulifikiria wa kwanza tu. Tulitaka watu wapate alama. Hapo ndipo tulipoharibu.

BIBI WA MACHO MEKUNDU

Huyu niliandika mimi, na nilijivunia.

Nyuma ya pango niliweka kijiji, na mwisho wa kijiji kibanda. Ndani, kikongwe mwenye macho mekundu, anakutazama, haongei. Kwenye faili nilimpa ngeli ya zimwi. "Limekaa. Linakutazama." Ukimuua, alama 50. Na kama viumbe wote wa gemu za aina hii, baada ya dakika 15 alikuwa anarudi tena kukaa palepale, tayari kuuawa na mwingine.

Watu walimpenda. Alama 50 za chee, kikongwe hakimbii.

Usiku mmoja tulikuwa sita kwenye gemu. Jamaa mmoja mgeni, ametoka Shinyanga kuja kwa mjomba wake kutafuta kibarua, akafika pale kibandani. Niliona kwenye kioo changu kwamba ameingia. Akachapa tazama. Halafu kimya, dakika tano. Nilidhani mashine yake imekwama. Mara akachapa:

> sema nani kaandika hii

Mi kwa furaha nikajibu ni mimi, vipi kali eeh? Akaandika tena, na hili nalikumbuka neno kwa neno: "Bibi yangu macho yake yalikuwa hivi. Ni moshi. Tulimhamisha usiku."

Akachapa toka. Nikageuka kumtafuta kwa macho, kiti kitupu.

Kwa wasiojua, hiki si kisa cha zamani. Usukumani kuni ni haba sehemu nyingi, akina mama wanapikia kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, na moshi wa miaka 50 jikoni unayafanya macho yawe mekundu. Kuna watu wanaamini macho hayo ni alama ya uchawi. Vikongwe wengi wameuawa kwa mapanga kwa sababu hiyo, Shinyanga na mikoa ya jirani, na mashirika ya haki za binadamu yamelipigia kelele miaka na miaka. Nilikuwa nalijua. Nililisikia redioni nikiwa mdogo. Nadhani macho yale niliyachukua hukohuko redioni, nikasahau kwamba yalikuwa ya mtu.

Nikafungua kumbukumbu za seva. Ndani ya wiki mbili bibi yule alikuwa ameuawa mara 37. Nilikaa nikiitazama ile namba. Mara 9 zilikuwa za kwangu, nikijaribu kama inafanya kazi.

"NI GEMU TU"

Mshikaji wangu mmoja alisema hivyo. Ni gemu tu, futa yule bibi tuendelee. Si mtu mbaya, na hoja yake si ya kijinga, maana hakuna aliyeumizwa mwili pale kafe.

Lakini mi nilikuwa nimesoma yaliyotokea LambdaMOO mwaka 1993. Mchezaji mmoja alitumia programu kufanya wahusika wa wenzake waonekane wanafanyiwa mambo machafu ya ngono, kwa maneno tu, mbele ya watu. Waliofanyiwa waliumia kweli, mmoja alikuwa analia huku anachapa. Yule mhusika akafutwa, na wakazi wakaanza kupiga kura za sheria zao. Maneno pale ndiyo mwili, ndiyo nyumba. Hatuna kingine.

Na fikiria tena popobawa. Mwaka uleule wa 1995, Unguja, kuna mtu aliuawa na kundi la watu kwa sababu walidhani ndiye popobawa. Alikuwa mgonjwa wa akili. Unaona tofauti? Nunda ukimuua, hakuna mtu duniani anayefanana na nunda. Lakini kiumbe wangu alikuwa na alama za mtu, mzee, maskini, macho mekundu, anaishi peke yake. Nilichokuwa nafundisha kwenye gemu langu ni kwamba ukimwona mtu wa namna hiyo, ni "li", na kumuua kuna faida. Sikuandika sentensi hiyo popote, kanuni za alama ndizo zilizoiandika.

Hata neno lenyewe lilinishtua. Kwenye MUD za Wazungu mjenzi anaitwa wizard, ni sifa. Nikilitafsiri mimi ni mchawi wa gemu. Kule mtu anachekelea kuitwa hivyo, kwetu jina hilo linaweza kukutoa roho. Tangu siku ile tunajiita mafundi.

TULIVYOMREKEBISHA

Hatukumfuta. Nilitaka, lakini yule jamaa alirudi baada ya siku tisa, nikamwomba radhi, na yeye ndiye aliyesema tusimfute. Alisema ukimfuta mnakuwa mmemhamisha usiku kama sisi. Akakaa kwenye kibodi, akaandika chumba upya mwenyewe. Sasa ukiingia unakuta moshi kwanza, unakohoa, halafu bibi anakuambia funga mlango, nzi wanaingia. Ngeli yake ni "a".

Hana alama hata moja. Ukimuuliza, na uulize kwa adabu, uanze na shikamoo, anakuambia jina ambalo nunda alikuwa anaitwa alipokuwa paka. Bila jina hilo nunda hashindwi. Hao wanaotaka kugundua wamefurahi, wa soga wamefurahi.

Tulibishana kama amri ya piga ifungwe pale kibandani. Jamaa akakataa. Alisema kule kwao hakuna programu ya kuzuia, mtu anachagua. Basi inawezekana. Lakini ukimuua unakuta kikapu chake: ugoro, kadi ya kupigia kura, picha ya mjukuu. Kijiji kinafunga milango, kwako na kwa kila mchezaji. Nunda anabaki. Na bibi harudi baada ya dakika 15.

Ameuawa mara moja. Kijana wa shule, alisikia kwa wenzake kwamba zamani pale kulikuwa na alama 50. Aliposoma vya kwenye kikapu akanifuata mashine yangu, akasema kaka, nirudishie, sikujua. Mshikaji wangu akasema mrudishe, mtoto amejifunza. Jamaa wa Shinyanga akasema kule hakuna kurudisha. Kijiji kilifungwa mwezi mzima, wachezaji wanne wakahama, nunda akafika mpaka mlangoni mwa pango. Mwisho tukaleta bibi mwingine, dada yake marehemu, naye haongei na yule kijana. Mpaka leo hatujakubaliana kama tulifanya sawa.

UKITAKA KUANZA

Chukua daftari. Chora vyumba kumi vya mahali unapopajua, kwa mishale. Andika kila chumba sentensi tatu, na moja iwe ya harufu au sauti, maana macho kila mtu anayakumbuka. Weka kiumbe mmoja tu, uliza kwa bibi na babu yako tabia zake, tabia hiyo uifanye kanuni. Kama huna kompyuta, fungua kundi la WhatsApp la watu watano, mmoja awe msimulizi, tumia kete za ludo. Ikinoga ndiyo uje kwenye programu.

Na kabla hujampa kiumbe wako alama za kuuawa, jiulize kama kuna mtu kweli, mahali fulani, anayefanana naye.

Gemu letu lipo kila Jumamosi baada ya saa mbili usiku pale kafe, laptop ikiwa nzima. Nunda amefikia nguvu 140 nikiandika haya. Toeni maoni hapo chini, hasa hili: yule kijana, ningekuwa wewe, ningemrudishia bibi siku ileile?